Je, kila jambo hutokea kwa sababu? Jibu kwa msomaji aliyefiwa na kaka yake

Swali la msomaji: "Miezi minne iliyopita kaka yangu alifariki katika ajali ya basi. Rafiki yake, ambaye walipanga kusafiri pamoja, alichelewa dakika chache akalikosa basi hilo, na tangu siku hiyo anasema kwamba Mungu alimnusuru kwa sababu maalumu. Msibani, karibu kila aliyekuja kutupa pole alisema kwamba kila jambo hutokea kwa sababu. Mwanzoni maneno hayo yalinituliza. Sasa yananiudhi, na ninajiona mbaya kuudhika kwa sababu waliyasema kwa nia njema. Naomba unijibu kama mtu unayefundisha falsafa: je, ni kweli? Na anayesema hivyo anajuaje?"

Ndugu msomaji, pokea kwanza pole zangu. Barua yako ina maswali mawili, na nitajaribu kuyajibu yote, ingawa nakiri mapema kwamba lile la pili, la "anajuaje", ndilo lililonikalisha mezani muda mrefu zaidi, kwa kuwa watu hubishana juu ya lile la kwanza miaka nenda miaka rudi bila hata mmoja wao kumwuliza mwenzake ameyapata wapi anayoyasema.

Tuanze na neno lenyewe. Neno "sababu" hubeba mizigo miwili, na mara nyingi hatujioni tunapoutua mmoja na kuubeba mwingine. Mtu akiuliza kwa nini basi lilipinduka, anaweza kujibiwa kwamba ni kwa sababu tairi la mbele lilipasuka. Mtu akimwuliza dereva kwa nini amesimama, anaweza kujibiwa kwamba ni kwa sababu kuna abiria anayetaka kushuka. Majibu yote mawili yanaanza na "kwa sababu", lakini la kwanza linatazama nyuma, kwenye kile kilicholisukuma tukio likatokea, nami nitakiita chanzo. La pili linatazama mbele, kwenye kile kilichotakiwa, nami nitakiita kusudi. Lugha yetu imetupa kipimo chepesi cha kuvitenganisha viwili hivi, nacho ni neno "ili". Dereva alisimama ili abiria ashuke: sentensi imekaa sawa. Tairi lilipasuka ili basi lipinduke: hapo sikio linakataa, isipokuwa kwa mtu anayeshuku kwamba kuna mkono wa mtu katika kupasuka kwa tairi hilo.

Sasa ichukue ile kauli uliyoambiwa msibani uipitishe kwenye kipimo hicho. Ikisikika kwa maana ya chanzo, karibu kila mtu ataikubali, maana sote tumezoea kwamba mambo hayazuki tu. Lakini kwa maana hiyo haimfariji yeyote. Kumwambia mfiwa kwamba tairi lilipasuka kwa kuwa mpira wake ulikuwa umechakaa si kumpa pole. Ili kauli ifariji, lazima isikike kwa maana ya kusudi, yaani kwamba kaka yako alifariki ili jambo fulani lipatikane, hata kama jambo hilo bado limefichika. Kwa hiyo kauli hii hukubaliwa mlangoni kwa hati ya chanzo na, ikishaingia ndani, hufanya kazi ya kusudi. Siamini kwamba waliokuja kukupa pole walikusudia hila. Wao wenyewe hawakuiona. Nadhani wewe uliihisi kabla hujaweza kuitaja, na ndiyo iliyokuudhi.

Tukitazama chanzo peke yake, je, tuna yakini kwamba kila jambo linacho? Mwanafalsafa Mjerumani, Leibniz, aliandika mwaka 1714 kwamba hakuna jambo linaloweza kuwa kweli bila kuwapo sababu ya kutosha ya kuwa hivyo na si vinginevyo, akaongeza papo hapo kwamba mara nyingi sababu hizo haziwezi kujulikana kwetu. Wanaopenda kanuni hiyo hukumbuka nusu yake ya kwanza. Na hata nusu hiyo imepata misukosuko tangu ilipozaliwa fizikia ya kwanta, yaani ile inayochunguza chembe ndogo kama atomi. Hospitalini, baadhi ya wagonjwa wa tezi ya shingoni hupewa iodini-131, dutu ambayo nusu ya atomi zake huvunjika kila baada ya siku nane hivi. Chukua atomi mbili za dutu hiyo, zilizofanana kwa kila hali inayoweza kupimwa: moja itavunjika leo mchana, nyingine itakaa miezi miwili. Fizikia inaweza kukuambia kwa usahihi mkubwa ni sehemu gani ya fungu zima itakayokuwa imebaki wiki ijayo, lakini ukiuliza kwa nini ni hii iliyotangulia na si ile, nadharia haina jibu inalokuficha. Kwa namna inavyofasiriwa na wengi, hakuna jibu.

Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha namna ya kupima kwa majaribio kama chembe hubeba ndani yake maelekezo ya siri yanayoamua zitakavyotenda, na Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2022 walipewa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger, ambao majaribio yao yalizidi kuliondoa wazo hilo katika sura yake iliyo rahisi. Wapo wanafizikia wanaofuata njia aliyoifungua David Bohm mwaka 1952, wanaoshikilia kwamba chanzo kipo ila ni cha namna ya ajabu kuliko tulivyodhani, na hoja yao haijavunjwa. Sikuelezi haya ili nidai kwamba tairi lilipasuka kwa sababu ya kwanta. Tairi ni kitu kikubwa na kuchakaa kwake kunaeleweka vyema. Ninachotaka uone ni kwamba hata kwa chanzo, ambako tuna vipimo na mashine na miaka mingi ya kazi, neno "kila" limekuwa zito kulitamka.

Lakini tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba kila tukio lina chanzo. Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo nadhani litakusaidia kuliko mengine yote niliyo nayo: tukio linaweza kuwa na vyanzo kamili, visivyopungua hata kimoja, na bado likawa sadfa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitoa mfano wa mtu aliyekwenda sokoni kwa shughuli zake, akakutana huko na mdeni wake ambaye naye alikuwa hapo kwa shughuli nyingine, akalipwa fedha zake. Kwenda kwake sokoni kulikuwa na chanzo. Kuwapo kwa mdeni kulikuwa na chanzo. Ila hakuna aliyekwenda huko ili wakutane. Mfaransa Cournot, mwaka 1843, aliliweka wazo hili vizuri zaidi aliposema kwamba sadfa ni kukutana kwa minyororo ya vyanzo isiyotegemeana. Utazame msiba wako kwa jicho hilo. Kuna mnyororo wa tairi: lilinunuliwa lini, limekwenda kilomita ngapi, lilikaguliwa au halikukaguliwa. Kuna mnyororo wa kaka yako: alikuwa na shughuli gani, aliamka saa ngapi, kwa nini alichagua siku ile. Ukiwa na subira unaweza kuufuata kila mnyororo pete kwa pete. Usichokikuta, hata ufuate hadi wapi, ni mnyororo wa tatu uliokuwa kazini kuikutanisha ile miwili.

Kwa kupita tu, neno "ajali" lenyewe limebeba ubishi huu mzima. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, na katika Kiswahili lilitumika, na bado hutumika, kwa siku ya mtu kufa iliyokwisha andikwa. Leo tunalitumia pia kwa tukio ambalo hakuna aliyelipanga. Anayesema kwamba ajali haina kinga anaweza kuwa anasema moja kati ya mambo mawili yanayopingana, na wasikilizaji wake wote wakatikisa kichwa kukubali.

Akili zetu hazipendi kuishia kwenye minyororo miwili. Mwanafalsafa Mholanzi, Spinoza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake, alichora mazungumzo ambayo kila mfiwa atayatambua. Jiwe limeanguka kutoka paani likamwua mpita njia. Unaeleza kwamba upepo ulivuma na mtu yule alikuwa akipita. Unaulizwa: kwa nini upepo uvume wakati ule ule, na kwa nini apite wakati ule ule? Unajibu kwamba bahari ilikuwa imeanza kuchafuka siku iliyotangulia, na mtu yule alikuwa amealikwa na rafiki. Unaulizwa tena: kwa nini bahari ichafuke, kwa nini aalikwe siku hiyo? Maswali hayakomi mpaka ukimbilie mapenzi ya Mungu, mahali ambapo Spinoza alipaita kimbilio la ujinga. Alikuwa mkali mno, kwa maoni yangu. Wengi wanaokimbilia huko wanasukumwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hastahili kuitwa mjinga. Lakini aliona sawasawa kwamba swali la "mbona yeye, mbona saa ile" lina umbo la kutokwisha, na kwamba kila jibu la chanzo litakalotolewa litaonekana dogo mbele yake, kwa kuwa muulizaji anatafuta kitu cha aina nyingine.

Nije sasa kwa rafiki wa kaka yako. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, anasimulia habari za Diagoras, Mgiriki aliyejulikana kwa kutoiamini miungu, ambaye rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizowekwa na watu waliopona dhoruba za bahari baada ya kuweka nadhiri, akamwuliza kama hizo hazikumtosha kuamini kwamba miungu hujali. Diagoras alijibu kwamba ni hivyo kwa kuwa wale waliozama hawakuchorewa picha popote. Jibu hilo limetumiwa mara nyingi kuwakejeli wacha Mungu, na mimi sitaki ulitumie hivyo; litumie kama kanuni ya kuhesabu. Kila siku wapo watu wanaochelewa wakakosa mabasi, na mabasi karibu yote hufika salama, na kuchelewa kule kunasahauliwa kabla ya jua kuzama. Wapo pia wanaochelewa basi salama wakapanda linalofuata, na hilo likapinduka. Hao hawarudi kutusimulia kwamba waliponzwa kwa sababu maalumu. Kinachofika masikioni mwetu ni kundi dogo lililochujwa na matokeo yenyewe, kisha tunalishangaa kana kwamba tumeliokota bila kuchagua.

Kuna mfano mmoja wa hesabu ambao huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Katika Vita Kuu ya Pili, Ujerumani iliirushia London mabomu ya kuruka yasiyo na rubani, yaliyoitwa V-1. Yalionekana kuangukia sehemu kwa mafungu, mtaa huu ukipigwa mara kadhaa na ule ukiachwa, na watu waliokuwa chini yake walikuwa na kila haki ya kuuliza kwa nini mtaa wao. Mwaka 1946 mtakwimu Mwingereza, R. D. Clarke, alichukua eneo la kusini mwa jiji, akaligawa katika miraba 576, kila mmoja wenye robo ya kilomita ya mraba, akahesabu mabomu 537 yaliyokuwa yameliangukia eneo hilo. Kisha akauliza: kama mabomu hayo yangeanguka ovyo tu, bila mraba wowote kulengwa, ni mingapi ingetarajiwa kukosa bomu, kupata moja, kupata mawili? Hesabu ilitabiri kwamba miraba 227 hivi isingepigwa kabisa. Iliyokuwa haikupigwa ni 229. Ilitabiri miraba 211 yenye bomu moja, ilikuwa 211. Ilitabiri miraba 7 yenye mabomu manne, ilikuwa 7. Kulikuwa na mraba mmoja uliopigwa zaidi ya hapo, na hesabu ilikuwa imeruhusu mmoja au miwili.

Ninapofika hapo darasani huwa natulia kidogo, kwa sababu mraba ule mmoja haukuwa namba kwa watu walioishi ndani yake. Kila bomu lilikuwa na chanzo: mafuta kiasi fulani, upepo, mtambo wa kupima umbali. Na nyuma ya yote kulikuwa na kusudi, kusudi ovu la kuupiga mji. Lakini kati ya kusudi la kuupiga mji na nyumba ile hasa iliyopigwa, hakukuwa na kusudi jingine. Aliyenusurika mtaa wa pili hakuchaguliwa, na aliyekufa hakuachwa. Ovyo haina sura ya usawa kama tunavyoitarajia. Ina mafungu na mapengo, na binadamu akiona mafungu huanza kutafuta mkono ulioyapanga.

Nimesema mengi juu ya chanzo na sadfa, na huenda unaona kwamba sasa nitahitimisha kwa kusema kwamba kusudi halipo. Sitasema hivyo, na sababu yake ndiyo inayonipeleka kwenye swali lako la pili.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon, mji mkuu wa Ureno, yakiwa yamejaa, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji huo, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Mwaka uliofuata padri Mjesuiti, Gabriel Malagrida, alichapisha kijitabu ambacho jina lake tu linatosha kwa mada yetu: kilijiita hukumu juu ya sababu ya kweli ya tetemeko. Sababu ya kweli, aliandika, si mvuke wala moto wa chini ya ardhi wala nguvu nyingine za asili. Ni dhambi za watu wa Lisbon. Wakati huo huo, katika nchi za Kiprotestanti, walikuwapo wahubiri waliosema kwa uhakika ule ule kwamba mji umeadhibiwa kwa sababu ya Ukatoliki wake na mahakama zake za kuwatesa wanaoitwa wazushi. Tukio ni moja, ushahidi ni ule ule, na makusudi yaliyotangazwa yanapingana ana kwa ana; wala hakuna kitu chochote katika vifusi vile ambacho mtu angeweza kukiokota na kusema, hiki kinaonyesha kwamba Malagrida amesema kweli na wenzake wamekosea.

Waziri aliyeiongoza Ureno wakati huo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal, alifanya jambo la namna nyingine. Maparokia ya nchi nzima yalipelekewa orodha ya maswali. Tetemeko lilianza saa ngapi na lilidumu kwa muda gani? Lilionekana kuwa na nguvu zaidi kutoka upande gani? Nyumba ngapi zilianguka? Bahari ilitangulia kupanda au kushuka, na kwa kiasi gani? Ardhi ilipasuka mahali popote? Majibu ya mapadri wengi wa vijijini yamehifadhiwa, na wanasayansi wa matetemeko wameyatumia karne mbili baadaye kukadiria ukubwa wa tetemeko lile. Usinielewe vibaya: Pombal hakuwa mtu mpole, na Malagrida aliishia kuuawa mwaka 1761 katika mazingira yasiyompa heshima waziri huyo. Ninachokutaka ukione ni tofauti ya maswali. Padri wa kijijini aliyeulizwa bahari ilishuka au ilipanda alikuwa na kitu cha kujibu, na angeweza kukosea, na jirani yake angeweza kumsahihisha. Aliyetangaza kusudi la tetemeko hakuweza kusahihishwa na yeyote, na kutosahihishika huko alikuhesabu kuwa ni yakini.

Nadhani hapo ndipo penye kosa, na si kosa la wahubiri peke yao. Wazee wa elimu ya Kiislamu walizipanga yakini katika ngazi tatu: yakini ya anayejua kwa habari, yakini ya anayeona kwa macho, na yakini ya aliyeonja mwenyewe, wakatoa mfano wa mtu aliyeambiwa kuna moto, aliyeuona, na aliyeungua. Al-Ghazali, ambaye alipitia wakati wa shaka kali katika maisha yake, aliitilia mashaka hata ngazi ya macho: nyota, alisema, huonekana ndogo kama sarafu ya dinari, kumbe hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Sasa jiulize, aliyekuambia kwamba kifo cha kaka yako kilikuwa na kusudi amesimama kwenye ngazi gani? Hakuliona kusudi hilo. Hakuambiwa na aliyeliona. Moto alioungua nao, kama ameungua, ni msiba wenyewe, sawa na wewe. Alicho nacho ni imani kwamba ulimwengu una mwenyewe na kwamba mwenyewe hafanyi jambo bure, na imani hiyo anaweza kuwa nayo kwa moyo wote na kwa haki kabisa. Ila kuamini kwamba kusudi lipo ni jambo moja, na kujua kusudi la tukio hili ni jambo jingine, na kutoka la kwanza kwenda la pili hakuna daraja ambalo mimi nimewahi kuonyeshwa.

Wala vitabu vya dini vyenyewe havijengi daraja hilo. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa, na hadi hapo hakuna aliyewalaumu. Walipofungua vinywa wakaanza kumweleza sababu za mateso yake ndipo, mwishoni mwa kitabu, wanaambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa. Katika Sura ya Al-Kahf ya Kurani, Musa anafuatana na mja aliyepewa elimu maalumu, anamwona akiitoboa merikebu ya watu maskini, na hawezi kunyamaza. Baadaye anaelezwa kwamba mbele yao kulikuwa na mfalme aliyekuwa akinyang'anya merikebu, na ule ubovu ndio ungeiokoa. Wengi huisimulia habari hii kuthibitisha kwamba kila jambo lina kusudi. Nami nakubali kwamba inasema hivyo kuhusu merikebu ile. Lakini ona ni nani asiyelijua kusudi hilo mpaka aambiwe: ni Musa, naye ni mtume. Sijui ni kwa kipimo gani jirani aliyekuja na pole anaweza kujiona ana macho makali kuliko ya Musa.

Niutendee haki upande wa pili pia. Anayekuambia kwamba ulimwengu hauna kusudi lolote, kwamba ni atomi na minyororo tu hadi mwisho, naye amevuka alichokiona. Hesabu ya Clarke inaonyesha kwamba mabomu hayakuhitaji mlengaji wa mtaa kwa mtaa ili kuanguka yalivyoanguka. Haionyeshi, wala haiwezi kuonyesha, kwamba hakuna lolote nyuma ya vyote. Mimi binafsi sina yakini upande wowote, na nimeacha kuiona hali hiyo kuwa aibu ya kitaaluma.

Linganisha na watu ambao kazi yao ni kutafuta sababu za ajali. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege na vyombo vingine vya usafiri huokota vipande vya chuma kimoja kimoja, husikiliza sauti zilizorekodiwa, huhoji mashahidi, na mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Na mwisho wa kazi yote hiyo ripoti yake huandika "chanzo kinachoelekea kuwa ndicho". Hawaandiki chanzo kwa kukikata kauli, na hicho ni chanzo tu, kitu kinachoacha alama kwenye chuma. Kwa hiyo, kama ajali ya kaka yako ilichunguzwa, ninakuhimiza uiombe ripoti. Na kama haikuchunguzwa, una haki ya kuuliza kwa nini. Moja ya madhara ya ile kauli ya msibani, ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha, ni kwamba humfanya anayeuliza habari za tairi aonekane kama mtu asiye na imani. Kusudi, hata likiwapo, halijawahi kukagua tairi.

Limebaki neno moja ambalo nililiacha makusudi, nalo ni "maana". Mwaka 1980 huko California, mama mmoja, Candace Lightner, alifiwa na binti yake wa miaka 13 aliyegongwa na dereva mlevi, na mwaka huo huo akaanzisha chama cha kina mama wanaopinga ulevi barabarani, ambacho kilichangia kubadilisha sheria za nchi yake. Watu wakisikia habari hizi husema, umeona, kumbe kulikuwa na sababu. Zipitishe kwenye kile kipimo cha mwanzo. Je, binti alikufa ili sheria zibadilike? Sidhani kwamba kuna mzazi anayeweza kuitamka sentensi hiyo bila koo kumkauka. Sheria zilibadilika baada ya binti kufa, na zilibadilika kwa sababu mama yake alikataa kukaa kimya. Maana iliwekwa pale na mtu, baadaye, kwa kazi na machozi, na hakuna aliyeikuta imeshapangwa ikimngoja. Nawe huna wajibu wa kufanya lolote la namna hiyo. Wapo watu wengi ambao msiba wao haukuzaa chama wala sheria, na hawakupungukiwa kitu mbele ya wafu wao.

Kuhusu kujiona mbaya kwa kuudhika, sioni ubaya. Mtu anaweza kupokea nia ya msemaji na kuikataa kauli yake, na kwa watu wengi waliokupa pole inatosha kuitikia na kuwaacha waende. Rafiki wa kaka yako ni habari nyingine. Anaposema kwamba alinusuriwa kwa sababu maalumu, wewe unasikia kwamba kaka yako hakustahili kunusuriwa, na sidhani kwamba ndicho anachosema. Nadhani ni mtu aliyebeba mzigo wa kubaki hai kwa tofauti ya dakika chache, na sadfa ni kitu kigumu mno kukishukuru. Ukipata nguvu, usibishane naye juu ya Mungu. Mwulize siku ile alichelewa kwa nini, kisha mwache akusimulie asubuhi yote, aliamka saa ngapi, alizungumza nini na kaka yako kwenye simu, alisimama wapi alipoona basi limekwishaondoka. Hayo anayajua kwa macho yake, na baadhi yake ni maneno ya mwisho ya kaka yako ambayo huenda hujawahi kuyasikia.